Rasilimali, Tengefu na Kaya: Lugha ya Maendeleo Endelevu katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya mikakati ya kitaifa ya maendeleo endelevu nchini Kenya na lugha ya jamii zinazotarajiwa kuitekeleza. Eneo linaloshughulikiwa ni pwani ya Malindi na Kilifi. Kwa kuyachambua maneno matatu, yaani rasilimali, tengefu na kaya, makala yanaonyesha kwamba wazo la kutumia mali ya asili kwa uwajibikaji limo tangu zamani katika msamiati na desturi za wenyeji. Aidha, yanatetea hoja kwamba mkakati hufaulu pale unapojengwa juu ya msingi huo, na huyumba pale unapowafikia watu kama amri iliyoandikwa katika lugha wasiyoielewa. Mwishowe, yanabainisha majukumu yanayowaangukia wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwaka wa 1987, Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe, iliieleza dhana ya maendeleo endelevu kuwa ni maendeleo yanayotimiza haja za waliopo pasi na kuwafungia njia watakaozaliwa. Mkutano wa Rio de Janeiro wa 1992 uliyataka mataifa yaigeuze dhana hiyo kuwa mikakati ya kitaifa. Mkutano wa Johannesburg wa 2002 ulilirudia agizo hilo, na mwaka wa 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha malengo 17 ya maendeleo endelevu yanayokusudiwa kufikiwa kufikia 2030.

Kenya haikubaki nyuma katika kuandika. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka wa 1999, na kutokana nayo ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Sheria ya Misitu ya 2005 ilizipa jamii jirani nafasi ya kuunda vyama vya kushiriki katika usimamizi wa misitu. Ruwaza ya Kenya 2030 ilizinduliwa mwaka wa 2008. Katiba ya 2010 iliyataja maendeleo endelevu miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42, na katika Kifungu cha 69 ikaitwika serikali wajibu wa kuhimiza umma ushiriki katika kuyatunza mazingira. Baadaye zilifuata Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 na marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017.

Swali linaloulizwa na makala haya si kama mikakati hiyo ni mizuri. Swali ni hili: mvuvi wa Mayungu, mkulima wa Gede na mzee wa Kaya Fungo wanaisikia kwa lugha gani, na wanapoisikia wanaitambua kuwa yao?

2.0 Uchambuzi wa Istilahi

Istilahi maendeleo endelevu imezaliwa na mzizi mmoja mara mbili. Kitenzi enda kimezaa endelea. Endelea kikazaa nomino maendeleo na kivumishi endelevu. Kiambishi tamati -vu huonyesha hali au tabia iliyokita katika kitu, kama inavyoonekana katika nyenyekea na nyenyekevu, potea na potevu, elea na elevu. Kwa hiyo, kitu endelevu ni kile ambacho kuendelea ni tabia yake. Msomaji anaweza kudhani kwamba istilahi hii inajirudia bure, kwa kuwa maendeleo yasiyoendelea hayastahili kuitwa maendeleo. Lakini hapo ndipo penye funzo. Kiwanda kinachostawi kwa miaka kumi kisha kikaacha visima vya chumvi kilikuwa na mwendo, ila mwendo huo haukuwa na tabia ya kuendelea.

Neno rasilimali lina hekima kubwa zaidi. Asili yake ni Kiarabu, ambako maneno mawili, kichwa na mali, yameunganishwa kumaanisha mtaji. Katika lugha ya biashara ya pwani, rasilimali ni fedha anayoanza nayo mfanyabiashara. Faida huliwa, rasilimali hailiwi. Anayeila rasilimali yake amefilisika hata kama siku hiyo ameshiba. Neno hili lilipopanuliwa maana likaitwa kwa misitu, samaki, maji na madini, lilikwenda na sharti lake. Kusema kwamba samaki wa Malindi ni rasilimali ni kusema kwamba kuna sehemu yao inayoruhusiwa kuliwa, nayo ni ile ongezeko, na kuna sehemu isiyoguswa kwa kuwa ndiyo inayozaa. Wataalamu wa uvuvi hulieleza jambo hilo kwa hesabu ndefu. Mchuuzi wa sokoni hulijua kwa neno moja.

Methali nazo zinaunga mkono. Bandu bandu huisha gogo ni onyo kwa anayedhani kwamba kipande anachokata leo ni kidogo mno kuleta hasara. Mali bila daftari hupotea bila habari ni agizo la kuweka kumbukumbu, jambo ambalo katika mikakati ya kisasa huitwa ufuatiliaji na tathmini.

3.0 Kaya: Msitu kama Makao

Katika Kiswahili sanifu, kaya ni watu wa nyumba moja, na ndilo neno linalotumika katika hesabu ya watu. Kwa Wamijikenda, kaya ni makao ya kale yaliyozungukwa na msitu, ambamo mababu waliishi kabla ya kutawanyika mashambani, na ambamo kunaaminika kuwa roho zao zingali zinakaa. Kilifi ina kaya nyingi, zikiwemo Kaya Fungo ya Wagiriama, Kaya Kauma, Kaya Jibana, Kaya Kambe, Kaya Ribe na kaya za Rabai.

Kanuni za kaya zilifahamika bila kuandikwa. Mti haukatwi ovyo, mifugo hailishwi ndani, na anayeingia hufuata njia iliyowekwa. Anayevunja mwiko hutozwa kuku au mbuzi wa kutakasia mahali, kwa kadiri ya kosa lake na kwa hukumu ya wazee. Faida ya kimazingira ya mwiko huo ni dhahiri. Katika ukanda ambao sehemu kubwa ya msitu wa asili imegeuzwa mashamba, kaya zimesalia kuwa visiwa vya miti na mimea adimu.

Serikali ya kikoloni iliufahamu uzito wa kaya, ndiyo maana iliipiga. Baada ya Mekatilili wa Menza kuwaongoza Wagiriama katika upinzani wa miaka ya 1913 na 1914, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka wa 1914. Kwa serikali huru ya Kenya, mwelekeo ulibadilika polepole. Mwaka wa 1992, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalianzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na kaya zikaanza kutangazwa kuwa turathi za taifa. Mwaka wa 2008, misitu mitakatifu ya kaya, iliyotapakaa kwa takriban kilomita 200, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia. Mwaka uliofuata, mila na desturi zinazohusiana na kaya ziliwekwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka.

Orodha hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kumshughulisha mwanafunzi wa lugha. Msitu unaweza kuzungushiwa ua. Maneno, nyimbo za mazishi, majina ya miti na sababu za kila mwiko hayazungushiwi ua. Hukaa katika vinywa vya wazee. Na wazee hao wako hatarini. Katika miaka ya karibuni, wazee wengi wa Kilifi wameuawa au kufukuzwa makwao kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo huwa kuna ugomvi wa ardhi. Mkakati wowote wa kuhifadhi misitu ya kaya usiomhifadhi mzee wa kaya umehifadhi nusu ya jambo.

4.0 Msitu wa Arabuko-Sokoke: Faida na Rasilimali

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la takriban kilomita 420 za mraba, ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani wa aina yake uliosalia katika Afrika Mashariki. Ndani yake wamo ndege na wanyama wasiopatikana kwa urahisi kwingineko, kama bundi mdogo wa Sokoke. Kwa muda mrefu, hata hivyo, majirani wengi wa msitu huo hawakuona faida yake. Tembo walitoka wakaharibu mahindi, na ardhi iliyofungwa ilitazamwa kwa jicho la njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwapo sauti nyingi zilizotaka msitu ukatwe na kugawanywa kuwa mashamba.

Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka wa 1993 na kuwekwa Gede karibu na magofu ya mji wa kale, ulijibu swali hilo la faida. Mkulima hunasa vipepeo wachache katika msitu na kuwaweka katika tundu la wavu wapate kutaga mayai. Mayai huangua viwavi, na viwavi hulishwa majani ya mimea maalumu ambayo mkulima huipanda karibu na nyumba. Viwavi wanapofikia hatua ya pupa, mkulima huwauza kwa mradi, nao mradi huwasafirisha hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo huko Ulaya na Marekani.

Utaratibu huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Mkulima hauzi msitu wala hauzi vipepeo aliowakuta, anauza ongezeko. Ili apate vipepeo wazazi msimu ujao, msitu ni lazima uwepo. Hapa maana ya kale ya rasilimali imerudi mahali pake, kwa kuwa mtaji umebaki na faida ndiyo inayoliwa.

Mfano wa pili ni wa wachongaji wa vinyago. Kwa miaka mingi walitegemea muhuhu, mti mgumu wa msituni unaokua taratibu sana. Muhuhu ulipozidi kuadimika, wachongaji wa Malindi walishawishiwa kuugeukia mwarobaini, ambao hukua upesi na kuota karibu kila ua wa pwani. Mnunuzi alipata kinyago, mchongaji alipata riziki, na muhuhu ukapumzika.

5.0 Tengefu ya Kuruwitu: Neno Lililotangulia Sheria

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka wa 1968, zikiwa za kwanza nchini Kenya. Zililinda matumbawe na mazalio ya samaki, lakini kwa wavuvi wengi zilikuwa mipaka iliyochorwa na serikali. Mvuvi aliyevuka alikuwa mhalifu katika maji aliyovua babu yake.

Kuruwitu, iliyoko kusini mwa mji wa Kilifi, ilifuata njia nyingine. Wavuvi wenyewe walikuwa wameona kwamba mitego inarudi mitupu, na kwamba samaki waliopatikana walikuwa wadogo kuliko wa zamani. Mwaka wa 2003 waliunda chama, na mwaka wa 2005 wakakubaliana kufunga takriban hekta 30 za bahari wasivue humo kabisa. Hilo likawa eneo la kwanza la bahari nchini Kenya kutengwa na kusimamiwa na jamii. Mwaka wa 2017, chama hicho kilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na mfano wake umeigwa na vijiji vingine vya pwani.

Maeneo ya namna hii yanaitwa tengefu. Neno hilo linahusiana na kitenzi tenga, nalo limepokea kiambishi -fu, ndugu wa -vu. Katika kundi hilohilo yamo aminifu, danganyifu na haribifu. Kwa hiyo, lugha yenyewe imeweka haribifu na tengefu katika umbo moja ili msemaji achague. Nchini Tanzania, neno hili limeingia hata katika lugha ya serikali, ambako huzungumzwa juu ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Kutenga si kunyima. Anayemtengea mgeni chakula amemwekea kilicho chake. Ndivyo mvuvi wa Kuruwitu alivyoweza kuieleza bahari iliyofungwa: tumewatengea samaki mahali pa kuzalia, na wakifurika watavuka mpaka waje kwetu.

Ni kweli kwamba kazi hii haikuwa rahisi. Wakati wa kusi, bahari kuu huchafuka, na wenye vyombo vidogo hulazimika kuvua karibu na pwani, ndani ya mwamba, palepale panapotakiwa kupumzishwa. Kufunga hekta 30 ni kumwomba mtu maskini akubali hasara ya leo kwa ahadi ya kesho. Ombi kama hilo hukubaliwa likitoka kwa jirani anayepata hasara hiyohiyo. Kwa kulinganisha, serikali ilipiga marufuku juya mwaka wa 2001 kwa kuwa hukokota samaki wachanga na kuvunja matumbawe, lakini juya liliendelea kuonekana katika fuo kadhaa kwa miaka mingi. Amri ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni makubaliano.

6.0 Pale Mkakati Unapoyumba

Kaskazini mwa Malindi, katika maeneo ya Gongoni, Marereni na Ngomeni, ardhi kubwa imegeuzwa mabwawa ya chumvi. Chumvi ni bidhaa ya lazima na ajira ni neema. Hata hivyo, malalamiko ya wakazi kuhusu kufurushwa katika ardhi, kukatwa kwa mikoko na kuingia kwa maji ya chumvi katika visima yaliifanya Tume ya Kitaifa ya Kenya ya Haki za Kibinadamu kufanya uchunguzi wa hadhara katika eneo la Magarini, na ripoti yake ikatolewa mwaka wa 2006. Sheria ya mazingira ilikuwa tayari na miaka kadhaa. Ilikuwapo kwenye karatasi kabla ya kuwapo Marereni.

Mto Sabaki nao unafundisha kwamba rasilimali hazijui mipaka ya wilaya wala kaunti. Huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, huitwa Galana unapopita nyika, na hufika baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Udongo unaomomonyoka katika mashamba ya bara huteremka nao hadi ghuba ya Malindi, ukayafanya maji kuwa mekundu na kuyasonga matumbawe. Mvuvi wa Malindi anaweza kushika kila kanuni ya bahari na bado akapata hasara iliyopandwa mamia ya kilomita kutoka kwake. Hapa tengefu ya kijiji haitoshi. Mkakati wa kitaifa unahitajika, kwa kuwa ni taifa pekee linaloweza kumkalisha mkulima wa bara na mvuvi wa pwani katika baraza moja.

7.0 Nafasi ya Kiswahili

Kanuni za mwaka wa 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira ziliagiza kwamba tangazo la mradi litolewe redioni katika lugha rasmi na lugha za wenyeji, na kwamba mikutano ya hadhara ifanywe. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini tangazo ni mlango tu. Ripoti yenyewe, yenye mamia ya kurasa, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mkazi huambiwa kwa Kiswahili kwamba ana haki ya kusoma, kisha hupewa kitabu asichoweza kukisoma. Mwaka wa 2024, wakazi wa Uyombo, karibu na hori ya Mida, waliandamana kupinga pendekezo la kujenga kituo cha umeme wa nyuklia katika eneo lao. Awe mtu anaunga mkono mradi kama huo au anaupinga, hawezi kuujadili kwa haki bila ya istilahi za mionzi, taka na usalama katika lugha anayoimiliki.

Tanzania inatoa mfano wa kulinganisha. Mkakati wake wa 2005 ulifahamika kwa jina la MKUKUTA, yaani Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, na Zanzibar ikafuata na MKUZA. Huko Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi ulioanza mwaka wa 1986 uliufufua utaratibu wa Wasukuma wa ngitili, yaani kufunga malisho yapumzike, na miti ikarudi katika nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa. Jina la Kiswahili peke yake haliondoi umaskini, na kifupisho kinaweza kukaririwa bila kueleweka. Hata hivyo, kuna tofauti baina ya mwananchi anayeweza kuuliza maana ya kila herufi katika lugha yake na mvuvi wa Kilifi ambaye kundi lake la kusimamia ufuo, lililowekewa kanuni mwaka wa 2007, analijua kwa herufi tatu za Kiingereza, BMU.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kutokana na hadhi hiyo, majukumu matatu yanawahusu wasomi wa Kiswahili. La kwanza ni kukusanya msamiati wa wavuvi, wakulima na wazee wa kaya kabla haujapotea, yakiwemo majina ya miti, samaki, pepo na aina za mitego. La pili ni kuzitumia hazina hizo katika kuunda istilahi, badala ya kukimbilia tafsiri sisisi. Kuwepo kwa tengefu kunathibitisha kwamba neno la karibu huweza kutosha. La tatu ni kutayarisha muhtasari wa Kiswahili wa sheria, mipango ya kaunti na ripoti za tathmini, ili baraza la kijiji lisiwe la kusikiliza tu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pwani ya Malindi na Kilifi haikosi fikra za maendeleo endelevu. Zimo katika rasilimali isiyoliwa, katika kaya isiyokatwa na katika tengefu isiyovuliwa. Mikakati ya kitaifa nayo inahitajika, kwa kuwa mwiko wa kijiji hauwezi kuuzuia udongo wa Sabaki wala kumhukumu mwekezaji mkubwa. Kinachohitajika ni pande hizi mbili zikutane mapema, wakati mpango ungali unaandikwa, na zikutane katika lugha ambayo mvuvi anaweza kuitumia kukataa na vilevile kukubali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomeka kwa mwenye mali halimzuii mtu kuipoteza.